Mutoto wa siku tatu amepiga hatua

Solange, acha kila kitu usome!

Leo Tumukunde alikuwa anavalisha mutoto wake wa siku tatu. Akamusimamisha juu ya meza, akimushika mu makwapa. Mutoto akapiga hatua! Mbili! SIKU TATU!

Mama mukwe akapiga kelele watu wote wa Bihambwe wakasikia: «Huyu si muntu! Muite pasta!»

Tumukunde akakumbatia mutoto, analia, wakakimbia wote kwa infirmière, muuguzi wa kituo cha afya.

Ule akacheka tu: «Watoto wote wanafanyaka vile. Uti wa mugongo njo unasukuma miguu, kichwa haijajua bado. Kisha miezi mbili itaacha, mpaka kichwa ijifunze kuongoza.»

Mama mukwe akapumua. «Kumbe iko sawa na baba yake! Miguu inaendaka, kichwa haijue fasi inaenda.»

Na Sébastien, baba mwenyewe, alikuwa amesimama palepale!