Upepo wa Tairi ya Nyuma

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa mwanangu Nashon,

Sasa, nyathina mwanangu? Unakula? Kifua kimepona? Huku mimi niko mzima wa ajabu, hata goti limenyamaza. Omena inatoka, habaki dagaa hata mmoja, mpaka nafunga kibanda saa tisa, majirani wakiniangalia kwa jicho la kando.

Ulisema nisikupigie simu ukiwa barabarani, nami nimekubali tangu siku ile uliishika ukaingia kwenye mkokoteni wa kabichi. Ndio maana naandika. Sella, huyu anayechukua omena kwangu akauze huko kwenu Kawangware 56, atakuletea. Mwandiko usiucheke. Niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, ni karo.

Habari kubwa ni hii: nimenunua geji! Kipimo cha upepo wa tairi, pale Soko la Toi kwa yule wa spea za mitumba. Nimeijaribu kwa pikipiki tatu za stage yetu ya bodaboda, vijana wamepanga foleni kama kliniki. Yako nimeulizia vizuri: mbele ishirini na tano, nyuma thelathini na tatu. Ikipungua pikipiki inayumba, ikizidi tairi inaweza kupasuka na mtoto wa mtu yuko juu. Nimeziimba namba hizo mpaka nimelala nazo. Niambie nije lini nikupimie.

Mama yako mwenye geji,
Filister


Kawangware 56
Jumatano, 5 Machi

Mathee,

Niko fiti, nakula, kifua kiko poa. Asante kwa omena.

Sasa tafadhali, na usikasirike: usikuje stage. Mara ya mwisho ulisimama mbele ya watu wa boda arobaini ukawasomea alama zangu za darasa la nane, somo kwa somo. Ukamwambia abiria wangu, mzee wa watu na suti yake, kwamba nililowesha kitanda mpaka miaka saba lakini nimeacha. Mpaka leo mtu akitaka kunichokoza anauliza, "Nashon, godoro limekauka?"

Tairi napima mwenyewe kila asubuhi saa kumi na mbili kabla sijawasha, na fundi Khamala anakaa plot yetu, ana pampu. Nyuma thelathini na tatu, kama ulivyosema. Wewe uza omena, mimi niendeshe.

Mtoto wako,
Nashon


Kawangware 56
Alhamisi, 20 Machi

Mathee,

Wiki mbili hujaandika, hiyo si kawaida yako. Uko salama? Sella anasema uko sawa, halafu anacheka peke yake.

Mimi niko na shida. Kuna mtu ananimwagia upepo. Najaza tairi ya nyuma asubuhi, thelathini na tatu. Kesho yake nikipima ni ishirini na nane. Naijaza tena, inashuka tena. Khamala ametumbukiza tyubu kwa maji mara mbili, hakuna hata povu moja. Jumanne nilibeba mama mmoja na watoto wake wawili, pikipiki ikayumba kwenye kona, tukaingia kwa meza ya sukuma wiki. Hakuna aliyeumia, lakini huyo mama alinitukana mpaka akaondoka akasahau mtoto mmoja. Tairi yenyewe imeanza kulika pembeni.

Nimefikiria sana, na jina ni moja: Mukhwana. Tunalaza pikipiki geti moja, na tunagombania wateja wa ile salon. Nimemshtaki kwa chairman wetu, Wekulo. Mkutano ni Jumatatu. Akipatikana na makosa atavuliwa jaketi ya stage, na bila jaketi hapa 56 hubebi hata kuku.

Mtoto wako,
Nashon


Kisumu Ndogo, Kibera
Ijumaa, 21 Machi

Nyathina,

Pole, pole, pole. Mkono haukuchubuka? Mgongo? Na yule mtoto aliyesahauliwa alirudishwa?

Mukhwana! Yule kijana mrefu wa jaketi lililochanika kwapa, anayesalimia kwa adabu? Kumbe adabu ni pazia! Na huja usiku, hilo naapa mbele ya kanisa, kwa sababu saa saba mchana tairi yako ya nyuma huwa thelathini na tatu kamili, haizidi haipungui. Usiniulize nimejuaje. Mama hujua.

Mfukuzeni. Kina mama wa kwaya nimeshawaambia wote, jina lake na mpasuko wa jaketi lake. Wanafunga na kuomba.

Mama yako mwenye uchungu,
Filister


Kawangware 56
Jumamosi, 22 Machi

Mathee,

Niko mzima, mtoto alirudishwa.

Jana Khamala aliniuliza swali la ajabu: "Kuna mtu anakupimia mchana?" Nikacheka. Anasema pikipiki ikishatembea tairi inapata moto, na upepo ndani unavimba, kipimo kinapanda hata namba tano bila mtu kuongeza kitu. Ukiona thelathini na nane saa saba mchana, hiyo ni thelathini na tatu yako ya asubuhi, usiiguse. Mtu akimwaga, kesho ikipoa utaikuta ishirini na nane. Ni kama wewe kliniki: ukifika umetoka kupanda mlima na ndoo, nesi anakwambia keti kwanza ndio akupime presha.

Kwa hivyo Mukhwana humwaga mchana, si usiku. Kinachonisumbua ni kwamba hajitetei. Wekulo alimwuliza mbele yangu, "Nani anagusa tairi ya Nashon?" Akaangalia chini. "Nimemwona, lakini siwezi kusema." Basi tukajua hakuna mwingine, ni yeye. Jumatatu jaketi inatoka.

Mtoto wako,
Nashon


Kisumu Ndogo, Kibera
Jumapili, 23 Machi

Nashon mwanangu,

Leo sikuulizi habari za kifua. Keti chini kwanza. Umeketi?

Ni mimi.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ukiingia hotelini saa saba kula githeri, Sella, pale anapouzia karibu na stage, alikuwa ananifungulia mwavuli kama ishara. Nami nakuja na leso imenifunika mpaka macho, napima. Siku ya kwanza geji ilisema thelathini na nane. Nikasema leo ningemzika mtoto. Nikamwaga mpaka thelathini na tatu kamili, nikaenda nyumbani nikiimba. Niliporudi, thelathini na nane tena! Nikajua huyo Khamala wako anataka kukuua. Nikamwaga tena. Mara saba nimekuokoa, mwanangu, na kila mara nilikuwa nakusukuma kwenye hiyo meza ya sukuma. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikashindwa.

Mukhwana aliniona siku ya kwanza kabisa. Nilimwekea kidole mdomoni nikamwambia, "Mwanangu, hujaniona. Nashon amenikataza kuja hapa." Akasema, "Sawa, mama." Basi, hilo tu. Na hilo neno amelishika mpaka anakaribia kuvuliwa jaketi kwa ajili yangu. Mimi nami nikashika jina lake nikalitembeza kwaya nzima. Sina mahali pa kuweka uso.

Kesho kwa mkutano isome hii barua, yote, kwa sauti. Usiruke mahali nimejiaibisha. Ningekuja niseme mwenyewe, lakini ulinikataza stage, na safari hii nimeona nitii.

Mama yako mkosaji,
Filister


Kawangware 56
Jumanne, 25 Machi

Mathee,

Salamu nyingi. Umelala? Mimi sikulala.

Nilisoma. Wekulo alinisimamisha juu ya kiti ndio wa nyuma wasikie. Nilipofika kwa leso mpaka macho, yeye mwenyewe alianza kukohoa kuficha kicheko. "Mara saba nimekuokoa," watu wakalala juu ya pikipiki zao. Mukhwana hakucheka. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya jaketi.

Nikashuka nikamwendea. "Kwa nini hukusema, bro?"

"Ningesema nini? Nimtaje mathee wa mtu kwa mkutano wa boda?"

Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Nikanyoosha mkono, hakuuchukua. Akasema, "Ngoja, nina hasira ya siku nne, wacha ipoe." Akawasha akaenda. Jioni mlango ukagongwa, ni yeye na mkate. Akaketi akala omena yako yote. Sahani ilipoisha akauliza kama kuna nyingine.

Wekulo amenipa adhabu ya kushtaki mtu bila ushahidi: mwezi mzima wateja wa salon ni wa Mukhwana. Wewe ameshindwa kukuadhibu. Anasema sheria za stage hazina mahali pa mama.

Na mimi nilifanya kosa kukukataza. Ungekuja waziwazi ningekwambia mapema. Njoo, mathee. Lakini uje asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Mtoto wako,
Nashon


Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatano, 26 Machi

Kwa Nashon na Mukhwana,

Sasa, vijana wangu? Mmeamka salama wote wawili? Mukhwana, tumbo liko sawa na hiyo omena yote?

Jana mazoezi ya kwaya nilisimama nikarudisha maneno yangu moja moja. Ilichukua muda, maana nilikuwa nimeyatawanya sana. Kisha nikawaambia hivi: mwanangu amesoma barua nzima juu ya kiti, mbele ya watu arobaini, aibu yote ni ya mama yake, na hakukwama hata neno moja. Nani mwingine hapa ana mtoto wa hivyo? Wakakohoa.

Nikawaambia pia kuna kijana alishika siri ya mama asiye wake, na walipotaka kumvua jaketi bado akaishika. Nikawauliza, ninyi kumi na wanne, nani anaweza? Nawajua wote.

Mukhwana, sijui mama yako yuko wapi, nyumbani Bungoma au wapi. Mwandikie. Mwambie kuna mwanamke Kibera aliyekukosea sana, na sasa anaomba ruhusa akujivunie kidogo. Akikubali, sitazidisha.

Mama yenu,
Filister