Pedi na Maji ya Bomba

Jumanne, Mafiga

Maji, maji, maji! Miezi yote hii tunajaribu pedi zetu kwa maji ya bomba, tunashangilia jinsi nyuzi za mti zilizotiwa dawa zinavyonyonya. Mwanamke katika maabara nzima ni mimi peke yangu, na hakuna anayethubutu kuitaja damu.

Leo nimeomba damu ya mbuzi buchani, nikaitia chumvi isigande. Nikaimimina. Ikakaa juu ya pedi kama uji kwenye sahani, kisha ikachuruzika pembeni.

Nilimwonyesha meneja, Mzee Sefu. Akageukia dirishani. "Mama Rehema, funika hiyo. Kesho wageni wa chama cha ushirika wanakuja. Tumia maji."

Wakiridhika, pedi zinakwenda kwenye maduka yao yote, hadi kijijini Kinole.

"Wake zao hawatokwi na maji, mzee."

Sijui nilipata wapi ulimi huo. Akinifukuza kazi, Rehema na shule yake...

Jioni Mzee Sefu alinifuata getini, peke yake. Akasema mwezi uliopita alimpelekea mkewe pakiti moja, na hajalalamika.

"Ulimuuliza?"

"Jambo hilo mtu anauliza?"

Kesho nakwenda mbele ya wageni na chupa ya damu. Sitasubiri kuulizwa.