Kipa Magesa na Mshambuliaji wa Nansio

Mkolani, Alhamisi

Kwako wewe mwenyewe, Katibu wa timu, kutoka kwangu, Katibu yuleyule, salaam. Madhumuni ya kuandika haya ni kukuomba uamuzi ambao umeukwepa tangu asubuhi.

Timu ya Nansio, kule kisiwani, iko radhi kutupatia mshambuliaji wake kabla ya nusu fainali, mradi tuwape kipa wetu, Magesa. Kocha anaafiki, kwa kuwa mabao yametuadimikia. Wajumbe wa kamati wamegawanyika sawasawa, na kura iliyobaki ni yako.

Leo Magesa alinifuata hadi mtaa wa Mirongo, akiwa bado amevaa buti za kiwanda cha minofu ya samaki.

"Shikamoo, Mzee Katibu. Nasikia nimeuzwa kisiwani."

"Marahaba. Hukuuzwa. Unabadilishwa."

"Ng'ombe wa mahari hukaguliwa kwanza, Mzee. Mimi hata meno hamkunitazama."

Nilikusudia kumkemea, nikajikuta ninacheka. Yeye hakucheka. Alisema kwamba akihamia Nansio, nafasi yake kiwandani itachukuliwa siku hiyohiyo, maana wanaosubiri getini ni wengi. Tangu apunguzwe kazi kwenye kinu cha pamba, hiyo ndiyo riziki ya watoto wake.

Kamati haikumwuliza hata neno moja.

Naitamani fainali kuliko mjumbe yeyote, na hilo silifichi. Bila mshambuliaji tutafungwa. Lakini nikimkuta mke wa Magesa sokoni, nitamwambia...

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, naomba utamke kabla ya kikao cha kesho: Magesa abaki, au aende?