Ragu ya Sylvanus

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo tena hajala. Uji wa wimbi aliuzuia mdomoni, kisha akauachilia ukashuka kidevuni. Obusuma, ugali wetu, nimeuponda na supu ya ingokho, kuku wa kienyeji—akafunga meno. Siku ya nne hii, maji tu ndiyo anakubali. Daktari alisema Ijumaa: mama, asipokula tutampitishia mpira puani. Tunarudi kwake Jumatano ya wiki ijayo.

Miezi mitano tangu mume wangu Sylvanus aletwe kutoka Malindi na kiharusi. Upande wa kulia umelala. Huko alimpikia Mwitaliano miaka kumi na minane. Mimi nikafundisha nasari hapa Musanda, nikamlea mtoto wetu Mitchel, nikangoja Desemba. Akija likizo hakugusa mwiko hata siku moja. Mpishi akiwa likizo hapiki—ndivyo alivyosemanga.

Maneno yamembakia machache. Leo jioni ametoa moja ambalo sijawahi kulisikia. Ragu. Mara tatu. Nikadhani ni tusi.

Jumanne, 9 Septemba

Mitchel ametafuta kwa simu yake, akanipigia kutoka Nakuru. Ni mchuzi wa nyama wa Waitaliano, wa kula na spageti. Hupikwa masaa matatu. "Mum, si ni nyama ya kusaga tu," anasema.

Baada ya darasa nikaenda Mumias. Nyama nusu kilo, isagwe mara mbili. Karoti, kitunguu, nyanya. Selari, ile mboga ya Kizungu, hakuna. Gentrix, ninayenunuanga kwake mboga, akacheka: "Mwalimu, hiyo hapa nani atanunua?" Nikachukua dania.

Nikapika vile najua. Saumu, nyanya sita, dakika arobaini. Kijiko cha kwanza alikishikilia mdomoni, akafunga macho. Nikajua nimeweza. Kisha akatema kwenye blanketi. "Maziwa," akasema. Nikamletea kikombe cha maziwa. Akakipiga kwa mkono mzima, kikaanguka. "Maziwa," tena. Analia.

Nilimfokea. Maneno niliyomwambia sitayaandika.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana nilipika tena, akatema tena. Nikimwosha mbavu zake nazihesabu.

Kuna mtu anayejua mchuzi huu. Nimejua kwamba yuko kwa miaka saba. Simu ya zamani ya Sylvanus iko kabatini, na ndani yake kuna namba ameiandika "Hadi Samaki." Kila likizo muuza samaki huyo alipiga tukiwa mezani, naye akatoka kuongelea nje, kando ya miwa. Muuza samaki gani anaongeleshwa kwa sauti ya chini hivyo? Sikuuliza. Ningeuliza, ningejibiwa.

Simu nimeichaji. Kesho.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepiga simu watoto wakiwa wamelala baada ya uji. Nikasimama nyuma ya darasa.

"Salaam aleikum." Sauti nyembamba, lakini si ya msichana.

Nikataja jina langu. Akasema: "Dada Dorothy. Nimekungoja tangu Aprili. Anakula?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukana, au kutukanwa. Si kuulizwa hivyo. Nikasema hapana, hali. Nikasikia kiti kinaburutwa, akaketi.

Hadijah, ndilo jina. Alinieleza bila haraka. Karoti, kitunguu na selari zikatwe ndogo kama mchele. Saumu usitie. Nyama ikaangwe mpaka iishiwe maji. Maziwa kikombe kimoja juu ya nyama, yakauke, ndipo nyanya kidogo. Moto mdogo kabisa. "Kule kazini kwake walitia na mvinyo," akasema. "Nyumbani hatukuwa tunatia."

Nyumbani. Naandika nyuma ya rejista ya watoto, na hilo neno pia nimeliandika.

Basi maziwa yalikuwa ya nyama. Mtu ananiambia, mimi namfokea.

Nikamuuliza yeye alifundishwa na nani. "Sikufundishwa, dada. Nilikuwa namtazama tu. Jumapili hakuwa na kazi, ndiyo siku aliyonipikia."

Miaka tisa wameishi pamoja. Mtoto hawakupata. Yeye ndiye alimkuta ameanguka, yeye ndiye alimpandisha basi, kwa sababu ndugu zake Sylvanus walipiga simu wakasema mgonjwa ni wao.

Jumapili zote hizo.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Selari nimeletewa kutoka Kakamega mjini, shina moja. Kutoka saa nne hadi saa nane nimeketi kando ya jiko la makaa nikikoroga. Maziwa yalipokauka harufu ikabadilika, ikawa tamu, nzito. Ilipofika chumbani akaanza kugonga kitanda kwa kidole.

Spageti nimeikatakata, nikaponda yote pamoja. Amekula. Kijiko baada ya kijiko, kumi na moja. Machozi yanashuka, naye anameza. Nikampangusa mdomo. Akanishika mkono, akaniangalia usoni kabisa, akasema, "Hadi. Asante."

Nikasema karibu.

Nimesugua ile sufuria mpaka vidole vikachubuka.

Jumanne, 16 Septemba

Jana alikula, leo amekula. Uji bado anakataa.

Jana nilimwandikia Hadijah: amekula. Akajibu Alhamdulillahi. Baada ya saa nzima, ujumbe mwingine: naomba nimwone mara moja tu dada, kisha nitarudi.

Nilikaa na simu mpaka chai ikapoa. Nikajibu: njoo.

Si wema. Nataka kumwona mwanamke aliyekuwa anapikiwa.

Leo nimemwambia Mitchel. "Umeita huyo mtu kwa nyumba yetu? Basi Desemba mimi siji." Akakata simu.

Alhamisi, 18 Septemba

Daktari aliridhika jana. Kilo moja imerudi, mpira hauwekwi. "Unampa nini, mama?" Nikasema mchuzi.

Leo nimeomba ruhusa shuleni. Nimemtoa Sylvanus nje kwenye jua, nikampaka povu, nikaanza kumnyoa. Tangu Aprili nilikuwa napunguza kwa makasi tu. Shavu la kushoto nimemaliza. Limekuwa safi, amerudi miaka kumi nyuma. Hapo ndipo nikajiuliza namnyolea nani. Mkono ukasimama.

Sijamwambia nani anakuja. Ameinua kidevu, amefunga macho, anangoja.

Simu imelia. Ni Hadijah, ameshuka Mumias, anauliza boda za Musanda husimama wapi. Nikamwelekeza. Nusu saa atakuwa hapa.

Povu linakauka kwenye shavu la kulia. Wembe nimeuweka chini, nimechukua hili daftari. Sylvanus amefungua jicho moja, ananitazama nikiandika.