Inanga ya Babu na Giseng wa Kikorea

Jumanne, 3 Desemba 2024

Sijamwambia mtu. Wote wakienda shambani, naitoa inanga ya Babu, ala yake ya nyuzi, stoo nyuma ya magunia ya maharage, napiga. Mama alizilegeza nyuzi siku tulipomzika Babu. Nimezikaza. Sasa Shangazi Clotilda anatafuta mpigaji wa misa ya Krismasi, maana mzee Ndayisaba vidole vimegoma. Nataka niwe mimi. Ila lazima kwanza nimwambie Mama. Nitasema Alhamisi, akiwa ametulia mbele ya TV.

Alhamisi, 5 Desemba

Sikusema.

Kaka Novatus alileta flashi. Filamu ya Kikorea, enzi za wafalme. Msichana anatolewa kwao, anafundishwa kucheza, kuandika mashairi na kupiga — inanga kabisa! Ndefu kuliko yetu, kailaza magotini. Nilishafungua mdomo. Wenyewe wanamwita "giseng". DJ anayetafsiri akadakia: "Huyu sasa ndiye malaya mkuu wa mji."

Msichana akasoma shairi refu, wasikilizaji wanafuta machozi. DJ: "Anasema njoo baby, nimekumiss." Basi. Shairi zima!

Mama akaguna. "Kumbe huo ndio mwisho wa binti anayepiga nyuzi mbele ya wanaume."

Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemwambia Novatus kwamba DJ anabuni, Kikorea hakijui.

"Wewe unakijua?"

Sikijui. Lakini macho ninayo. Kwenye filamu, mkubwa mmoja wa serikali alipomshika msichana mkono, msichana aliuvuta. Hakuomba kupelekwa nyumba ile ya mafunzo. Waliompeleka hawajapewa jina baya, yeye tu ndiye kapewa. Nilitaka kuyasema yote hayo, yakatoka nusu. Novatus akacheka: mtetezi wa malaya. Tangu hapo ananiita Giseng, hata bombani, mbele za watu. Nimechoka naye. Nimechoka zaidi na huyo DJ, ambaye hata hanijui.

Jumapili, 8 Desemba

Shangazi kaja baada ya misa. Shikamoo, marahaba, chai. Amepata mpigaji kutoka Nyakisasa, ila inanga hana.

"Wifi, ile ya marehemu baba bado ipo?"

"Ipo, imelala tu. Nyuzi nilizilegeza mwenyewe."

Mama kaenda stoo kuileta. Nimekimbilia chumbani na daftari hili, nawasikia kupitia pazia. Shangazi anagusa uzi. Anagusa mwingine. Zote zimekaa sawa.

"Wifi, hii imekazwa. Hata vumbi haina."

"Novatus," Mama anasema, "ni wewe?"

"Mimi? Muulize Giseng." Anacheka. Anatania tu, hajui chochote.

Hakuna mwingine anayecheka.

"Tecla."

Ananiita tena, taratibu, na hiyo ndiyo mbaya. Nasikia ndara zake.

Tafadhali, daftari, usimwambie mtu. Si kwamba naogopa — naogopa, ndiyo. Ila hili nataka nilitoe mwenyewe, kwa maneno yangu, asije mtu akanitafsiria. Pazia limesogea na—