Mlango wa Choo Ninaouacha Wazi

Bi Shenaz mpendwa,

Nakuomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri maana nimefika mahali ninajiogopa. Mimi ni mama Mkenya, nina saluni huku ughaibuni, mtaa wa Kilburn, na mwanangu wa pekee, Hillary, alifariki mwaka juzi kwa vidonge vya maumivu alivyoandikiwa alipoumia mgongo kazini, akashindwa kuviacha. Kampuni iliyovitengeneza ilishtakiwa ikalipa fidia, na kaunsili yetu ya mtaa ikaamua fungu lake linunue ile dawa ya kupulizia puani inayomwamsha mtu aliyezidisha dawa za kulevya au vidonge kama vile, na sisi wenye saluni na maduka tukafundishwa kuitumia, nami nikakubali kwa uchungu tu, kwa sababu mwanangu hakuwa na mtu wa kumpulizia.

Basi Januari mteja akaniita, kuna mtu ameanguka choo cha nyuma, nikamkuta kijana wa Kihindi wa mtaa wa Kenton, niliyekuja kujua anaitwa Alkesh na wazazi wake walitoka Nakuru, midomo ya bluu, hapumui, nikapiga magoti nikampulizia huku nalia namwita, na alipofungua macho akanitazama akasema kwa Kiswahili, "Baba anasikia baridi." Bi Shenaz, Hillary nilimpa jina la baba yangu, kwa hiyo tangu ananyonya nilikuwa namwita Baba, na Alkesh hakuwahi kumjua.

Tangu hapo kijana huja kusimama dirishani, mimi ndiye ninayetoka kumwuliza Baba alisema nini tena, naye hunijibu kwa Kiingereza kwamba hajui, yeye husikia tu akiwa amezama kwenye dawa za kulevya. Wiki iliyopita niliacha choo wazi makusudi, nikamwona anaingia, nikakaa nje ya mlango na dawa mkononi nikisikiliza pumzi zake, nikingoja azame kwanza ndipo nimwamshe. Nilipompulizia aliamka bila kusema chochote, na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika. Atarudi, na sijui kama nitafunga. Nifanyeje?

Mama Hillary, Kilburn

Mama Hillary,

Pole sana, dada yangu. Barua yako imenifanya niwashe taa mchana kweupe. Sasa kaa chini, maana nitakukaripia.

Unasema ulikuwa unalia ukimwita. Ulimwita nani? Mimi sikuwepo, lakini nina hakika lililokutoka ni "Baba, amka, Baba." Kijana amelelewa na watu wa Nakuru, Kiswahili anakielewa hata kama hakisemi. Amelala kwenye vigae, mwezi wa Januari, anasikia mama anamwita Baba, akaitika kwa jina hilo na kukwambia anasikia baridi. Je, ulimfunika? Barua yako haisemi.

Haya, tuseme nimekosea, na kuna kitu kilipita pale ambacho mimi na wewe hatukijui. Sicheki mambo hayo. Lakini mwanao aliyekufa vile hawezi kutaka umzamishe mwenzake ili mpate kuongea. Siku moja dawa haitatosha, nawe utakuwa umekaa nje ya mlango ukisikiliza mtu anakata roho. Hayo si maombolezo.

Leo funga choo, ufunguo akae nao msusi mwenzako. Dawa iweke mahali mnapoiona nyote, na Alkesh akianguka tena, ita ambulensi na umpulizie papo hapo. Akisimama dirishani mwingize, mpe chai ya moto, kisha mbele yake uwapigie waliokufundisha, kwa sababu fidia hiyo hiyo inalipa wauguzi wa kumsaidia kuacha. Mpeleke wewe mwenyewe. Halafu waulize kuhusu kikao cha wazazi waliofiwa, uende ukalie huko na umtaje Hillary mpaka koo likauke. Pesa zile unazichukia, nami ningezichukia, lakini zitumie.

Na usimwulize tena Hillary alisema nini. Mwombe akuruhusu kumpigia mama yake kule Kenton. Huyo mama bado ana mtoto, na hajui kwamba ni wewe unayemfungulia mwanawe mlango.

Shenaz