Spika ya Nyuma Kulia

Jumamosi, 3 Mei

Risiva ya muziki imefika! Spika tano na dude la besi. Nimefunga mwenyewe — fundi wa nini, kwani mimi sina mikono? Tatu mbele, mbili nyuma ya kochi. Nikaweka filamu. Helikopta ikaja kushoto, ikapita nyuma kisogoni, ikaenda kulia... kimya. Spika ya nyuma kulia ni mbovu. Muuza duka kanipiga changa la macho!

Jumapili, 4 Mei

Nimebadilisha waya. Bado. Nimezibadilisha spika zenyewe, ya kulia nikaipeleka kushoto. Huko inalia vizuri tu! Basi mbovu ni risiva. Nimeingia kwenye menyu, hiyo ya nyuma kulia nimeipandisha mpaka mwisho. Sasa naisikia, kwa mbali. Mama watoto katoka jikoni kaziba masikio, anasema nitawaua wenzangu. Nikamwambia hajui saundi.

Jumanne, 6 Mei

Binti yangu kasoma maelezo (mimi sisomi maelezo). Kumbe kwenye boksi kuna kimaiki. Unakiweka pale mtu anapokaa, risiva inapiga mlio kwenye kila spika, inajipima na kujirekebisha. Kakiweka mahali pangu, katunyamazisha. Mlio mbele. Mlio nyuma kushoto. Nikasubiri wa mwisho. Nikasubiri. Binti akasema tayari baba, zote ziko sawa, ile ulikuwa umeipandisha bure.

Nikacheka. Nikasema mashine za siku hizi ovyo.

Walipotoka nikaweka tena filamu, nikageuka, nikakaa nikitazama ukuta wa nyuma. Spika ileile sasa iko kushoto kwangu. Naisikia mpaka mkwaruzo wake.

Si spika. Ni sikio langu la kulia. Naogopa, basi.

Alhamisi, 8 Mei

Sijamwambia mtu. Nitamwambia nani? Mimi ni dereva wa foklifti. Ghalani kwetu vichochoro ni vyembamba, mtu harudi nyuma kwa kioo, anarudi kwa filimbi. Ikilia, simama. Kimya, njia nyeupe. Asiyesikia haendeshi, hilo halina mjadala. Na mimi nikishuka kwenye ile mashine ni nani? Mbeba makasha, kwa mgongo huu?

Mpiga filimbi wangu ni shemeji, mdogo wake mama watoto. Husimama nyuma, kulia. Leo kanitania: shemeji, nimepuliza mara tatu ndipo ukasimama, unataka niazime tarumbeta? Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia awe anasimama kushoto. Akasema kushoto ni makasha mpaka darini, aning'inie kama popo?

Ningemwambia palepale. Nilifungua mdomo kabisa! Nikamwomba maji.

Mficha maradhi kifo humuumbua — najua, najua. Jumatatu naenda hospitali kupima. Kesho ni siku moja tu.

Ijumaa, 9 Mei

Niko ofisini kwa msimamizi. Kaniambia nisitoke. Naandika huku nikimsubiri arudi.

Nilikuwa narudi nyuma na vigae. Kimya. Nikaendelea kurudi. Kisha nikaona wapakiaji mbele yangu wanapunga mikono, midomo wazi. Nikakanyaga breki. Nimechelewa.

Wamemtoa chini ya gurudumu. Mguu. Labda na nyonga, hawasemi. Alikuwa bado ameng'ata filimbi. Shemeji yangu mimi!

Msimamizi anasema ghala zima limeisikia, hata walinzi wa getini. Akaniuliza: wewe uliisikia au hukuisikia?

Nikasema niliisikia.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Ee Mungu! Akanitazama sana. Akasema kama uliisikia, mbona hukusimama? Ametoka kumwita mkubwa wake, namwona kupitia kioo cha mlango, wanakuja pamoja.

Simu inaita. Mama watoto. Nimepokea, nimeibana begani upande wa kulia huku naandika. Najua anaongea, atakuwa ananiuliza kuhusu mdogo wake. Sisikii kitu. Kuihamishia kushoto ni jambo dogo tu, na sijaihamisha.